KIJIDUDU CHA KIFUA KIKUU KILALAPO KATIKA UBOHO

Aliyezoea kuwazuru wagonjwa wa kifua kikuu ajua ya kuwa mwezi wenye hatari si ule wa kwanza. Mwezi wa kwanza mgonjwa ana homa, jasho lamtoka usiku, kikohozi hakimpi usingizi, wala hana haja ya kuhimizwa ameze dawa. Ugonjwa wenyewe wamhimiza. Hatari huja mwezi wa pili na wa tatu. Hapo homa imekwisha, hamu ya chakula imerudi, nguo zilizokuwa zikimpwaya zaanza kumkaa, naye aweza kushika jembe tena. Kisha auliza, “Mimi nimekwisha pona. Ya nini kumeza vidonge hivi mpaka mwezi wa sita?”

Swali hili si la mpumbavu. Ni swali la haki, nalo lastahili jibu lililo bora kuliko kusema tu, “Ndivyo alivyoagiza daktari.” Katika somo hili twataka kulijibu kwa kueleza mahali kijidudu cha kifua kikuu kijifichapo mwilini, na hasa mahali pamoja ambapo wataalamu wameanza kupatambua katika miaka hii ya karibuni, yaani ndani ya zile seli zizaazo seli nyingine. Zaitwa seli shina.

Kijidudu chenyewe

Aliyekionyesha kwa mara ya kwanza ni daktari Mjerumani, Robert Koch, katika mkutano wa wataalamu mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882. (Ndiye yule yule aliyekuja mwaka 1906 kukaa katika Visiwa vya Ssese, ndani ya ziwa Viktoria Nyanza, kuchunguza ugonjwa wa malale.) Kabla ya siku ile watu wengi, hata waganga wenye elimu, walidhani kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo, au watokana na hewa mbaya na maisha ya dhiki. Koch aliwaonyesha chini ya hadubini vijiti vidogo vilivyotiwa rangi ili vionekane. Hata ukivipanga 300 ncha kwa ncha, mstari wao haufikii urefu wa milimita moja.

Tabia mbili za kijidudu hiki yapasa zikumbukwe, maana mambo yote yatakayofuata yategemea hizo. Ya kwanza ni ngozi yake. Kimevikwa kitu kama nta, ambacho hakipenyeki kwa urahisi na maji wala dawa, na chakilinda hata kikimezwa na askari wa mwili. Ya pili ni upole wake. Viko vijidudu vya tumboni ambavyo hugawanyika na kuwa viwili kwa muda wa dakika 20 tu. Hiki cha kifua kikuu, hata kikipata chakula na joto la kutosha, hukaa yapata saa 20 kabla ya kugawanyika. Nacho chaweza kuacha kugawanyika kabisa, kikapunguza kazi zake zote, kikalala. Na dawa nyingi hukiua kijidudu kikiwa katika kazi, kikijenga ngozi mpya na kuzaa. Kikilala dawa hizo hazipati pa kukishika. Aliyepata kuwinda ngiri atafahamu: aliye mbioni aonekana, bali aliyetulia shimoni waweza kupita juu yake usijue.

Mtu hupata vijidudu kwa kuvuta pumzi. Mgonjwa wa mapafu akohoapo, au asemapo, au aimbapo, hutoa matone madogo mno yanayoelea hewani, hasa katika chumba kilichofungwa. Yakifika ndani kabisa ya mapafu ya mtu mwingine, hukutana na seli kubwa ambazo kazi yao ni kumeza kila mgeni. Wataalamu waziita makrofaji. Makrofaji humeza kijidudu kama ilivyo desturi, akakitia katika kifuko ili akimimine maji makali ya kukiyeyusha. Lakini kijidudu hiki chajua kuyazuia maji yale yasimiminwe. Basi kikakaa salama ndani ya tumbo la askari aliyetaka kukila. Hapo askari wengine hukusanyika, wakamzunguka yule wa kwanza tabaka kwa tabaka, mpaka kikafanyika kivimbe kidogo kigumu, nacho huitwa granuloma.

Kwa watu wengi vita hukoma hapo. Shirika la Afya la Ulimwengu lakisia kwamba robo ya watu wote duniani wamepata kuambukizwa kijidudu hiki. Na katika watu 100 walioambukizwa, wapata 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao yote. Wengine hawana homa, hawakohoi, hawamwambukizi mtu. Mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa yuko katika hatari iliyo kubwa zaidi mara nyingi; pia mtoto aliye chini ya miaka 5, na mwenye ugonjwa wa kisukari, na asiyepata chakula cha kutosha. Wala tusidhani kwamba idadi ile ni ndogo kwa sababu ni 5 hadi 10 katika 100. Mwaka 2023 peke yake watu milioni 10.8 waliugua ugonjwa huu, na watu milioni 1.25 wakafa.

Tena kijidudu kilicholala chaweza kungoja muda mrefu kuliko tudhanivyo. Huko Denmark, mtu mmoja aliugua kifua kikuu mwaka 1961, na vijidudu vyake vikahifadhiwa. Mwaka 1994 mwanawe akaugua. Wataalamu walipolinganisha alama za urithi za vijidudu vya baba na vya mwana, wakaona ni vya ukoo ule ule mmoja, wala havifanani na vile vilivyokuwa vikienea katika nchi wakati ule wa mwana. Yaani mwana alikuwa amevipata kwa babaye, akaishi navyo miaka 33 bila kuugua, ndipo vikaamka.

Vilikuwa wapi miaka ile yote?

Jibu la zamani lilikuwa, “Katika vile vivimbe vya mapafu.” Ni jibu la kweli, ila halikutosha, na wako waliotambua mapema kwamba halikutosha. Mwaka 1927 waganga wawili Wamarekani, Opie na Aronson, walichukua vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa sababu nyingine, wakavisaga na kuwadunga wanyama wadogo wa maabara. Waliona kwamba mara nyingi vivimbe vya zamani vilivyokwisha kuwa vigumu kama chokaa havikuwa na vijidudu hai. Bali vipande vya mapafu vilivyoonekana vizima kabisa, visivyo na kovu lolote, viliwaambukiza wanyama. Basi kijidudu hakikukaa kaburini mwake. Kilikuwa kimehamia kwa jirani, mahali ambapo hakuna aliyekitafuta. Habari hii ilichapishwa, ikasomwa, na kwa miaka mingi watu hawakujua la kuifanyia.

Ili kufahamu walivyokuja kuipata sehemu nyingine ya jibu, yapasa kwanza tujue seli shina ni nini.

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, ambazo ni vyumba vidogo vilivyo hai, nyingi zisizohesabika. Seli nyingi haziishi sana. Seli nyekundu ya damu huishi yapata siku 120. Nyingine nyeupe huishi siku chache tu. Kwa hiyo mwili lazima uzifanyize nyingine daima. Tazameni mgomba. Mgomba ukizaa mkungu mmoja umekwisha kazi yake, wakatwa. Lakini chini ardhini liko tunguu, ambalo halionekani, halizai ndizi lenyewe, nalo hutoa chipukizi baada ya chipukizi, hata shamba la babu likawalisha wajukuu. Seli shina ni kama tunguu lile. Ni chache, hukaa kimya zikipumzika muda mrefu, na zikihitajiwa hugawanyika: moja hubaki kuwa shina, nyingine huenda kuwa seli ya kazi fulani.

Nyingi za seli hizo hukaa katika uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Huko ziko za namna mbili zituhusuzo leo. Za kwanza ni seli shina za damu, zizaazo seli nyekundu na nyeupe, pamoja na askari wote wa mwili. Za pili zaitwa seli shina za mesenkaima. Hizi huzaa mifupa na gegedu na mafuta, tena zina kazi ya kutuliza. Mahali penye jeraha au uvimbe huenda zikawapoza askari wasije wakauharibu mwili wenyewe kwa ukali wao.

Mwenye kusikia habari hii na afikiri kama kijidudu afikirivyo, ikiwa kijidudu chaweza kufikiri. Atafutaye mahali pa kujificha miaka 33 atakuta nyumba iliyo bora kuliko hii wapi? Makrofaji hufa upesi, na akifa mgeni wake atupwa nje. Seli shina huishi sana. Makrofaji amejaa silaha. Seli shina ina silaha chache. Uboho una oksijeni kidogo, na upungufu wa oksijeni ndio humfanya kijidudu huyu kulala. Seli shina nyingi zina vijipampu katika ngozi yao vya kutupa nje sumu iingiayo, maana mwili wazilinda seli hizi kuliko nyingine. Lakini pampu ile itupayo sumu yaweza kuitupa na dawa. Na lile la mwisho ndilo la ajabu zaidi: askari wa mwili wazoea kuipita seli shina kwa heshima, kama vile walinzi wa mji wasivyoipekua nyumba ya mkunga.

Walivyomkuta

Mwaka 2010 wataalamu wa New Delhi, katika nchi ya India, wakiongozwa na Gobardhan Das, walitangaza kwamba katika panya walioambukizwa, seli shina za mesenkaima zilikutwa zimekusanyika pembezoni mwa vile vivimbe vya kifua kikuu. Zilikaa katikati, vijidudu upande wa ndani na askari upande wa nje, zikitoa hewa iitwayo oksidi ya naitriki, ambayo iliwapoza askari waliokaribia. Zilikuwa zikifanya kazi yao ya kawaida ya kutuliza ugomvi. Ila safari hii zilimlinda mwizi. Hivyo kijidudu hakikushinda kwa nguvu. Kilishinda kwa kuwaita wapatanishi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2013, Bikul Das na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Marekani pamoja na wenzao wa India, waliingia ndani zaidi. Kwanza walionyesha kwamba seli shina za mesenkaima zilizotiwa pamoja na vijidudu katika chombo cha maabara zavimeza, navyo vyakaa ndani bila kufa. Kisha waliwachunguza panya ambao vijidudu vyao vilikuwa vimelala, wakavikuta katika seli za uboho zenye alama fulani juu ya ngozi yao, ambayo ndiyo hutambulisha namna hii ya seli shina. Mwisho wakaenda kwa watu: jamaa ya Waidu Mishmi, wakaao milimani katika Arunachal Pradesh, upande wa kaskazini mashariki wa India. Watu wachache waliokuwa wamekwisha maliza dawa zao na kuhesabiwa wamepona walikubali kutolewa uboho kidogo kwa sindano. Katika seli shina zao zilionekana alama za urithi za kijidudu, na kwa baadhi yao vijidudu vilivyo hai.

Hapo wasomaji wataona kwa nini habari ile iliwashtua waganga.

Baadaye wengine walitafuta upande wa zile seli shina za damu. Mwaka 2017 wataalamu wa Berlin na wenzao walikuta alama za urithi za kijidudu ndani ya seli hizo kwa watu wasiougua, ambao damu yao ilionyesha kwamba walipata kuambukizwa zamani. Na mwaka 2021 ilitangazwa kazi iliyofanyika jirani zaidi na sisi, mjini Addis Ababa, nchi ya Uhabeshi. Watu wazima wasio na dalili zozote walitolewa damu, zikachambuliwa zile seli chache zenye alama ya ushina; na kwa wengi wao zilionekana alama za urithi za kijidudu. Waliokuwa na virusi vya UKIMWI walipewa isoniazidi ya kukinga, na baada ya dawa hiyo idadi ya walioonekana na alama hizo ilipungua. Jambo hilo la mwisho tulishike, maana tutalirudia.

Habari hizi za seli shina za damu zafungua pia fumbo la namna ugonjwa uzungukavyo mwilini. Tangu kale inajulikana kwamba kifua kikuu si cha kifua peke yake. Chala uti wa mgongo mpaka mtu akawa na kibyongo, na daktari Mwingereza Percivall Pott aliieleza hali hiyo mwaka 1779. Chashika mafigo, viungo, matezi ya shingo, na kwa watoto hushika utando wa ubongo. Tulisema siku zote kwamba kijidudu huchukuliwa na damu au na maji ya matezi, na ndivyo ilivyo. Sasa twaona huenda pia kikachukuliwa kikiwa ndani ya seli shina. Maana seli hizi hazikai ubohoni siku zote. Baadhi yao hutoka na kuzunguka na damu, na mahali penye uvimbe huitwa ziende. Aliyelala ndani yake apelekwa bila kupiga hatua moja, kama abiria aliyesinzia garini.

Lakini tusiseme zaidi ya yaliyoonekana. Kuona alama za urithi si sawa na kuona kijidudu kilicho hai. Hata mifupa ya ng’ombe yaonyesha kwamba ng’ombe alikuwapo, wala haionyeshi kwamba bado atoa maziwa. Vijidudu hai walivyovikuta katika watu ni vya watu wachache. Wala haijathibitika kwamba wale waliorudiwa na ugonjwa walirudiwa kwa sababu ya seli shina. Vivimbe vya mapafu na seli nyingine, hata seli za mafuta, nazo ni maficho. Mwenye kufundisha habari hizi asiende kuwaambia watu kwamba kila aliyepona ana ugonjwa mifupani. Hilo si kweli, nalo lingewavunja moyo waliopona, na kuwarudishia aibu ambayo wamekwisha ivumilia vya kutosha.

Basi dawa ya nini?

Msikilizaji mwerevu atauliza hivi: ikiwa kijidudu chaweza kujificha mahali ambapo dawa haikishiki vema, si afadhali kuacha? Jibu ni kinyume chake, nalo lilipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki, miaka mingi kabla mtu hajavitafuta vijidudu katika uboho.

Kabla ya dawa kulikuwa na kupumzika tu, na hewa safi na chakula kizuri, kama walivyofanya wagonjwa wa Kibong’oto chini ya Kilimanjaro tangu mwaka 1926. Ilipopatikana streptomaisini mwaka 1943, kisha isoniazidi mwaka 1952, wagonjwa walianza kupona kweli kweli, lakini matibabu yalichukua miezi 18 au zaidi, na wengi walichoka njiani. Kuanzia mwaka 1970 madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walijaribu kama miezi 6 yaweza kutosha. Waliwagawa wagonjwa katika makundi. Wote walipewa streptomaisini na isoniazidi. Kundi moja likaongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, jingine dawa ya kale zaidi, na jingine halikuongezewa kitu.

Miezi 6 ilipokwisha, makohozi ya karibu wote yalikuwa safi. Mtu angalitazama siku ile tu angalisema makundi yote ni sawa. Lakini madaktari wale hawakufunga daftari. Waliendelea kuwafuata wagonjwa. Ndipo tofauti ikatokea. Katika yale makundi mawili yasiyopewa rifampisini wala pirazinamidi, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano walirudiwa na ugonjwa. Waliopewa rifampisini waliorudiwa walikuwa wachache sana. Rifampisini na pirazinamidi zina uwezo ambao nyingine hazina, wa kuviua vile vijidudu vilivyo nusu usingizini, viamkavyo kidogo na kulala tena. Na makundi mengine yalipojaribiwa baadaye kwa miezi 4 tu ya dawa hizo, waliorudiwa waliongezeka.

Hilo ndilo jibu la mtu wetu wa mwezi wa pili. Dawa za wiki za kwanza huviua vijidudu vilivyo macho, vingi mno, navyo ndivyo vinavyoleta homa na kikohozi. Kwa hiyo mgonjwa ajisikia mzima. Miezi iliyobaki si ya kumtibu yeye ajionavyo, ni ya kuwangoja waliolala. Kila siku wachache huamka ili wazae, na dawa huwakuta mlangoni. Akiacha mwezi wa tatu, waamkao mwezi wa nne hawamkuti mlinzi. Tena akimeza siku mbili na kuacha siku tano, wabakiao ni wale wanaoivumilia dawa, na watoto wao watakuwa sugu. Ugonjwa sugu huo watibiwa kwa dawa nyingine zenye mashaka zaidi, naye aweza kuwaambukiza wa nyumbani mwake usugu ule ule.

Twaongeza neno moja kwa ajili ya wale wasomao magazeti. Mwaka 2021 ilitangazwa njia mpya ya miezi 4, yenye dawa za namna nyingine, na imeonekana yafaa. Lakini aliyepewa vidonge vya miezi 6 asidhani kwamba vyake navyo vyatosha miezi 4. Njia ile ina dawa zake yenyewe. Vile vile, wale wataalamu wa New Delhi walitangaza mwaka 2020 kwamba panya waliopewa isoniazidi pamoja na dawa iitwayo rapamaisini, ambayo huzifanya seli zisafishe takataka zao za ndani, walivitoa vijidudu vilivyolala katika seli shina na ugonjwa haukuwarudia. Rapamaisini hutumiwa kwa watu waliopandikizwa figo, nayo hudhoofisha kinga ya mwili. Ilijaribiwa kwa panya. Mtu asiitafute dukani.

Na zile habari za Addis Ababa zatuonyesha upande wa pili: si lazima kumngoja kijidudu mpaka aamke. Katika nyumba ya mgonjwa wa mapafu, wale waliokaa naye wapimwe wote, hasa watoto wadogo, na wenye virusi vya UKIMWI. Na asiyeugua apewe dawa ya kukinga kama zahanati ionavyo yafaa. Zamani dawa hiyo ilikuwa isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6 au zaidi. Siku hizi mahali pengi waweza kupewa isoniazidi na rifapentini mara moja kwa juma, kwa majuma 12. Watu wengi huikataa dawa hii kuliko ile ya matibabu, maana kumwambia mtu mzima wa afya ameze vidonge kwa ajili ya mgeni asiyemwona ni jambo gumu. Hapo mwalimu au mzee wa mtaa aliyeifahamu habari ya tunguu la mgomba aweza kusaidia kuliko bango la ukutani.

Karel Styblo, daktari wa Kicheki, ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen wakati wa vita, alifanya kazi na serikali ya Tanzania tangu mwaka 1977 kuutengeneza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mpango ule haukuwa na mashine za ajabu. Ulikuwa na hadubini, dawa zisizokatika, mtu wa kumtazama mgonjwa akimeza, na daftari ambamo kila mgonjwa aliandikwa jina na mwisho wake: amepona, amemaliza, amekufa, ametoweka. Kwa daftari lile wilaya ilijua ni wangapi waliotoweka, ikawatafuta. Nchi nyingi ziliufuata mfano huo, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya la Ulimwengu likaueneza duniani kote.

Kwa mwenye kuwazuru wagonjwa, daftari dogo la namna hiyo laweza kukaa mfukoni. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na siku ya kwenda kuchukua dawa. Amwulize mgonjwa kama mkojo wake una rangi ya machungwa. Rifampisini huufanya hivyo, nao wengi huogopa wakidhani ni damu, wakaacha dawa kwa hofu bila kumwambia mtu. Rangi ile haina madhara. Lakini macho yakiwa ya manjano, au akitapika sana, au miguu ikifa ganzi, aende zahanati siku ile ile, wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Na mwezi wa pili ukifika, homa ikiisha na jembe likishikwa, hapo ndipo azuriwe mara nyingi zaidi.